Medgar Evers: Runinga iliyomnyima sauti ikaja kusimulia maisha yake

Machi 1983, shirika la utangazaji la umma nchini Marekani, PBS, lilirusha hewani tamthilia ya takriban saa moja na nusu iliyoitwa For Us, the Living: The Medgar Evers Story. Howard Rollins aliigiza kama Medgar Evers, mpigania haki za kiraia wa jimbo la Mississippi, na Irene Cara akaigiza kama mkewe, Myrlie. Wakati huo Medgar alikuwa kaburini kwa karibu miaka 20. Mtu aliyemuua alikuwa uraiani, anaamka na kulala kwake, wala hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani kwa mauaji hayo.

Ikilinganishwa na nyingine za aina yake, ilikuwa tamthilia ndogo. Haikupata watazamaji kama wa Roots, simulizi ya utumwa iliyowafungia Wamarekani majumbani kwa usiku nane mfululizo Januari 1977. Haikuwa na ukubwa wa King, tamthilia ya maisha ya Martin Luther King iliyoonyeshwa na NBC Februari 1978 kwa usiku tatu. Hata hivyo ina jambo ambalo nyingi kati ya zilizoifuata zililikosa: simulizi yake ilitoka kwa watu wenyewe walioishi yaliyosimuliwa, nayo haikungoja mahakama iseme kwanza ndipo yenyewe iseme.

Kutoka vitani hadi kwenye bima

Medgar Wiley Evers alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika mji mdogo wa Decatur, Mississippi. Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Ufaransa akiwa askari wa jeshi la Marekani, jeshi lililowatenga weusi na weupe hata walipokuwa wakipigana na adui mmoja. Aliporudi nyumbani mwaka 1946 alikwenda kupiga kura pamoja na kaka yake Charles na wenzao wachache, wengi wao wakiwa askari waliotoka vitani. Wazungu wenye silaha waliwazuia njia. Kijana aliyekuwa ameshika bunduki kuitetea nchi yake akarudi nyumbani bila kupiga kura.

Akasoma katika Chuo cha Alcorn, na huko akakutana na Myrlie Beasley. Walifunga ndoa mkesha wa Krismasi mwaka 1951. Baada ya chuo alipata kazi ya kuuza bima katika eneo la Delta, nchi ya pamba, kwa kampuni iliyomilikiwa na weusi wenyewe. Kazi hiyo ilimwingiza vibandani mwa wakulima waliolima mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno, watu ambao kila mwaka walimaliza msimu wakiwa na deni kubwa kuliko walivyouanza. Akiwa huko akajiunga na kampeni ya kususia vituo vya mafuta vilivyokubali fedha ya mtu mweusi lakini vikamkataza kutumia choo.

Mwaka 1954 aliomba nafasi ya kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Mississippi, akakataliwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo chama cha NAACP, kilichotetea haki za weusi tangu 1909, kilimwajiri kuwa katibu wake wa kwanza wa kudumu katika jimbo hilo. Mwaka uliofuata, mtoto Emmett Till wa Chicago, mwenye umri wa miaka 14, aliuawa kikatili Mississippi kwa kudaiwa kumkosea adabu mwanamke mzungu. Medgar na wenzake walivaa nguo za vibarua wa mashamba ya pamba, wakapita mashambani kutafuta mashahidi waliokuwa tayari kusema. Kazi yake ilikuwa hiyo: kusafiri maili nyingi, mara nyingi usiku, kuandika maelezo ya waliopigwa na kuuawa, kuwashawishi waliokuwa na sababu ya kuogopa wajiandikishe kupiga kura, na kurudi nyumbani akiwa hai.

Mtoto aliyeitwa Kenyatta

Hapa pana uzi unaomfunga Medgar na Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifuatilia kwa makini habari za Kenya, vita vya Mau Mau na kesi ya Kapenguria, na kwa muda alijiuliza iwapo watu weusi wa Delta nao wasingelazimika kushika silaha. Katika kesi hiyo, Aprili 1953, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Miezi michache baadaye Myrlie alijifungua mtoto wao wa kwanza, wa kiume, na Medgar akataka aitwe Kenyatta. Myrlie, aliyeona uzito wa jina hilo kwa mtoto atakayekulia Mississippi, alitanguliza jina la Darrell. Hivyo kijana akawa Darrell Kenyatta Evers.

Wazo la silaha Medgar aliliacha, ila jina lilibaki. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata madaraka ya ndani na Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Siku kumi na moja baadaye, baba yake Darrell Kenyatta aliuawa.

Dakika 17 hewani

Ili kuelewa uzito wa tamthilia ya 1983, ni lazima kujua jinsi runinga ya Mississippi ilivyomtendea Medgar alipokuwa hai. Katika mji mkuu wa jimbo, Jackson, kituo cha WLBT kilikuwa tawi la NBC. Mwaka 1955 mtandao huo ulikuwa ukimhoji mwanasheria Thurgood Marshall, aliyekuwa ameshinda kesi ya kupinga ubaguzi mashuleni mwaka mmoja kabla. Ghafla watazamaji wa Jackson walimpoteza machoni, na mahali pake pakawekwa tangazo la kuomba radhi kwa hitilafu ya nyaya. Kwa miaka mingi NAACP ililalamika kwa tume ya serikali kuu inayotoa leseni za utangazaji kwamba kituo hicho kiliwapa nafasi watetezi wa ubaguzi na kuwanyima wapinzani wao.

Mei 1963, wakati weusi wa Jackson wakisusia maduka ya katikati ya mji, Meya Allen Thompson alitumia runinga kuwaambia wakazi kwamba mji wao ulikuwa na amani na kwamba wachochezi walitoka nje. Safari hii Medgar alidai nafasi ya kujibu, naye akaipata. Tarehe 20 Mei alizungumza kwa dakika 17 kwa sauti ya utulivu. Alieleza kwamba asilimia 40 ya wakazi wa mji walikuwa weusi, lakini hapakuwa na hata polisi mmoja mweusi, wala mzimamoto, wala karani. Akasema kwamba kibarua wa shamba la Delta sasa anayo redio na runinga, na jioni huona picha za mbwa wa polisi aliyeng'ata mtu mchana wa siku hiyohiyo. Anajua habari za mataifa mapya ya Afrika. Anajua kwamba mtu wa Kongo anaweza kuendesha gari moshi, ilhali yeye hapo Jackson hawezi kupewa hata lori la taka.

Ilikuwa hotuba ya mtu aliyeelewa nguvu ya chombo alichokuwa akikitumia. Ilikuwa pia hatari. Kabla ya jioni hiyo wazungu wengi walilijua jina lake bila kuijua sura yake. Baada yake, kila mtu aliijua. Kabla Mei haijaisha, bomu la petroli lilirushwa penye banda la gari la nyumba yao, na Myrlie akauzima moto kwa mpira wa bustani.

Nyumba isiyo na mlango wa mbele

Nyumba hiyo ya mtaa wa Guynes ilijengwa kwa hofu yenye sababu. Haikuwa na mlango wa kuelekea barabarani. Mtu aliingilia ubavuni, kupitia banda la gari. Watoto walilala kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni, chini ya usawa wa madirisha. Walifundishwa kwamba wakisikia mlio wa risasi walale chini na kutambaa hadi bafuni, wajifiche ndani ya beseni la kuogea. Kwa watoto hao watatu, mkubwa akiwa na miaka tisa, hilo lilikuwa somo la kawaida kama kufunga kamba za viatu.

Jioni ya tarehe 11 Juni 1963, Rais John Kennedy alilihutubia taifa kwa runinga. Alisema kwamba usawa wa raia ni suala la kimaadili na akaahidi kupeleka muswada bungeni. Myrlie aliitazama hotuba hiyo pamoja na watoto, akawaruhusu wakeshe wamngoje baba yao aliyekuwa mkutanoni. Saa sita ya usiku ilikuwa imepita gari liliposimama. Medgar alishuka akiwa amebeba fulana zilizoandikwa kauli ya kupinga ubaguzi, za kugawa kwa waandamanaji. Risasi moja iliyopigwa kutoka kichakani ng'ambo ya barabara ilimpata mgongoni. Ikapenya dirisha na ukuta, ikaingia jikoni na kugonga friji. Watoto walifanya kama walivyofundishwa. Medgar alitambaa kuelekea mlangoni, funguo zikiwa mkononi, na muda mfupi baadaye alifia hospitalini akiwa na umri wa miaka 37. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Bunduki iliokotwa karibu na hapo, na kwenye darubini yake palikuwa na alama ya kidole cha Byron De La Beckwith, mbaguzi aliyejulikana. Alishtakiwa mara mbili mwaka 1964 mbele ya majopo ya wanaume weupe watupu, na mara zote mbili hawakuafikiana. Katika kesi ya kwanza, aliyekuwa gavana wa jimbo, Ross Barnett, aliingia mahakamani na kumpa mshtakiwa mkono hadharani. Beckwith akarudi kwao.

Mjane ashika kalamu

Myrlie alihamia California na watoto. Mwaka 1967, akishirikiana na mwandishi William Peters, alitoa kitabu kuhusu mumewe, na tamthilia ikatokana na kitabu hicho. Muswada wake uliandikwa na Ossie Davis pamoja na J. Kenneth Rotcop. Davis hakuwa mgeni wa mapambano hayo: ndiye aliyesoma taabini katika mazishi ya Malcolm X mwaka 1965, na katika King aliigiza kama baba yake Martin Luther King. Mwongozaji, Michael Schultz, alikuwa miongoni mwa waongozaji weusi wachache waliokuwa wamepata nafasi Hollywood. Rollins naye alikuwa ameigiza kama Andrew Young katika King, na filamu ya Ragtime ya 1981 ilikuwa imemfikisha kwenye orodha ya wawania Oscar.

Kwa hiyo kutoka kitabu hadi kamera, maisha ya Medgar yalipita mikononi mwa watu walioyajua kwa ndani. Matokeo yake ni Medgar aliye mume na baba kwanza, ambaye kila saa anayokwenda mkutanoni ni saa aliyowanyima watu wake nyumbani. Myrlie naye si kivuli cha shujaa. Kitabuni anakiri wazi hofu na hasira zake kwa kazi iliyokuwa ikimchukulia mumewe, kabla ya kuikubali na kuifanya iwe yake. Kiongozi akionyeshwa hivyo, mtazamaji hupima gharama ya haki kwa kipimo anachokijua: meza ya chakula iliyopungukiwa na mtu mmoja.

Linganisha na filamu ya sinema Ghosts of Mississippi iliyoongozwa na Rob Reiner mwaka 1996. Humo Medgar anauawa mwanzoni tu, na muda mwingi unaobaki ni wa mwendesha mashtaka mzungu aliyeifufua kesi miaka mingi baadaye. Mwendesha mashtaka huyo alifanya kazi ya kweli na anastahili sifa yake. Lakini mtu anayetaka kujua Medgar aliishije, alicheka na nani na aliogopa nini, atatoka kwenye filamu hiyo bila jibu.

Tena kesi yenyewe isingefufuka bila mjane. Mwaka 1989 gazeti la Clarion-Ledger lilifichua kwamba tume ya jimbo iliyoundwa kulinda ubaguzi iliwasaidia mawakili wa Beckwith kuwachuja wajumbe wa jopo mwaka 1964. Kumbukumbu rasmi za kesi ya kwanza hazikuonekana mahakamani, lakini Myrlie alikuwa na nakala yake, ameitunza miaka yote hiyo. Tarehe 5 Februari 1994, jopo la weusi wanane na weupe wanne lilimtia Beckwith hatiani. Alifia kifungoni mwaka 2001.

Kituo cha WLBT nacho kilihukumiwa. Watazamaji weusi wakiungwa mkono na Kanisa la United Church of Christ walilifikisha suala la leseni yake mahakamani, na mwaka 1966 wakashinda hoja kubwa: mtazamaji wa kawaida ana haki ya kusikilizwa leseni inapojadiliwa. Mwaka 1969 mahakama iliamuru wamiliki wapokonywe leseni, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo kilipata meneja mkuu mweusi, William Dilday.

Tangu hapo tamthilia za viongozi wa haki za kiraia zimekuwa nyingi, kuanzia The Rosa Parks Story ya 2002 hadi Genius: MLK/X ya 2024. Nyingi zina fedha na mitambo ambayo Schultz na wenzake hawakuiota. Lakini ile ya 1983 ilisema jina la Medgar na kuonyesha alivyoishi miaka 11 kabla ya mahakama kusema jina la muuaji wake, wakati kufanya hivyo kulihitaji ujasiri na hakukuwa na hukumu ya kuegemea. Anayetaka kuandika maisha ya mpigania haki popote pale na aanzie hapo: awatafute wajane, watoto na wenzake wangali hai, awape nafasi ya kusema yote, na asisubiri dola ikubali kwanza.