Ranchi ya Missenyi: Kutoka Malisho ya Jadi hadi Vitalu vya Uwekezaji

Ranchi ya Missenyi ni mojawapo ya ranchi za Serikali mkoani Kagera, pamoja na Mabale, Kikulula, Kitengule na Kagoma. Ipo kwenye nyanda za kaskazini mwa Mto Kagera, karibu na mpaka wa Uganda, katika Wilaya ya Missenyi iliyomegwa kutoka Wilaya ya Bukoba.

Kabla ya kuwapo ranchi, ardhi ya Buhaya ilitambuliwa kwa sura mbili. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Ng'ombe alikula rweya mchana, akalala nyumbani, na samadi yake ikarutubisha migomba. Ndiyo maana hata mkulima wa Izigo au Kamachumu, ambaye hajapata kufika Missenyi, anaguswa na habari za mifugo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa ukanda huu, na pigo hilo liliifikia migomba pia.

Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO) iliundwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Lengo lilikuwa nyama: kufuga kwa wingi katika maeneo yenye mipaka, majosho na malambo, kwa uongozi wa kitaalamu, huku Benki ya Dunia ikichangia mikopo. Kagera, wakati huo Mkoa wa Ziwa Magharibi, ilifaa kwa mvua zake za misimu miwili na nyasi tele. Kupe na ndigana kali walihitaji kudhibitiwa kwa kuogesha mifugo bila kukosa. Soko nalo lilikuwa mbali, kwa kuwa mkoa hauna reli, na ng'ombe wa kupelekwa Mwanza au Dar es Salaam alilazimika kuvuka Ziwa Viktoria au kufuata njia ndefu ya barabara.

Jiografia ya mpaka ndiyo iliyoiponza Missenyi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, mstari ulionyooka unaokatiza nyika bila kujali mto. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, eneo lote kati ya mstari huo na Mto Kagera lilikaliwa, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Wananchi waliuawa na wengine kukimbia makazi yao. Maelfu ya ng'ombe, wakiwamo wa ranchi, waliswagwa kupelekwa Uganda. Majeshi ya Tanzania yaliwaondoa wavamizi na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, lakini kundi la mifugo lililojengwa kwa muongo mzima halirudishwi kwa ushindi wa vita.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliamua kugawa sehemu za ranchi zake katika vitalu na kuvipangisha kwa wafugaji wa Kitanzania, huku NARCO ikibakiza maeneo mengine. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani kampuni haikuwa na mtaji wa kuijaza ardhi yote mifugo. Hata hivyo, ranchi isiyo na ng'ombe haikai tupu. Wakulima huingia, wafugaji kutoka mbali huingia, na mipaka ikija kuhakikiwa tayari kuna nyumba na mashamba. Mvutano wa namna hiyo umejitokeza wilayani Muleba, katika kata ya Rutoro, kati ya wanavijiji na wenye vitalu.

Yapo mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyatofautisha. Mwenye kitalu ni mpangaji, si mmiliki wa ardhi. Amepewa kitalu ili akiendeleze kwa ufugaji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, nayo malisho yana Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Anayetaka kulima au kuchungia kando ya ranchi aulize kwanza mpaka uko wapi, katika ofisi ya kijiji na kwa ofisa ardhi wa wilaya, kabla ya kuchimba msingi wa nyumba au kupanda mgomba wa kwanza.