Duara kwenye bawa: historia ya alama za ndege, na namna ya kuzipaka kwenye modeli

Wale wanaokuja hapa kwa ajili ya PHP na hifadhidata mnivumilie kidogo. Leo msimbo ni kidogo sana. Kwenye meza yangu kuna ndege ya plastiki ya BE2c, ya mabawa ya ghorofa, ukubwa wa 1/72, na nimefika mahali pa kupaka alama. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe ukitaka kupaka duara moja la rangi tatu kwa usahihi, ni lazima kwanza ujue ni mwaka gani, ni jeshi gani, na nani alikuwa chini akitazama juu.

Tuanze na aliyekuwa chini.

Agosti 1914 Waingereza walipovuka kwenda Ufaransa, ndege zao hazikuwa na alama ya taifa. Askari wa ardhini hawakuwahi kuona ndege nyingi maishani, na walikuwa na kanuni moja rahisi: kitu kinaruka, kipige risasi. Marubani walipigwa na adui wakienda na wakapigwa na wenzao wakirudi. Suluhisho la kwanza ndilo ambalo mtu yeyote angelitoa akiwa na haraka: pakeni bendera yetu chini ya mabawa. Wakapaka bendera ya Uingereza.

Tatizo ni kwamba bendera ile ilibuniwa ionekane kwenye mlingoti wa meli. Kwa anayeitazama kutoka chini, ndege ikiwa mamia ya mita juu, yale mapambo ya kona yanapotea na kinachobaki ni msalaba. Wajerumani nao walikuwa wameanza kupaka msalaba. Ukiniuliza mimi, hii ni hitilafu ya kiolesura ya aina mbaya kuliko zote: mfumo unafanya kazi vizuri kabisa ukiwa karibu, na unaua mtu ukiwa mbali.

Wafaransa walikuwa wametatua jambo hili tangu 1912. Walichukua duara lenye rangi za taifa lao, buluu katikati, kisha nyeupe, nyekundu nje. Duara halina juu wala chini, halina kona za kupotea, na likigeuka kwa pembe yoyote linabaki duara, au angalau yai. Kufikia Desemba 1914 kikosi cha anga cha jeshi la Uingereza kilikuwa kimelikubali wazo hilo na kugeuza mpangilio tu: nyekundu katikati, buluu nje. Mwaka 1915 mistari mitatu ikaongezwa kwenye usukani wa mkiani, buluu ikiwa mbele, sawa kabisa na Wafaransa. Kwa hiyo ukitazama mkia peke yake huwezi kuwatofautisha. Ni duara linalosema.

Kikosi cha anga cha jeshi la wanamaji, ambacho kilikuwa jeshi lingine na hakikupenda kuambiwa la kufanya, kwa muda kilitumia alama yake: pete nyekundu yenye weupe katikati, basi. Iweke pete hiyo akilini, tutairudia.

Sasa njooni nyumbani. Januari 1916 kikosi namba 26, kilichoundwa na watu wa Afrika Kusini, kilishuka Mombasa kikiwa na ndege za BE2c na Farman, na kikaweka kambi Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta. Ndiyo ndege ninayoijenga. Maboksi ya BE2c huja na alama za vikosi vya Ulaya, hasa zile zilizowinda puto za Zeppelin usiku juu ya Uingereza mwaka 1916. Hizo zimejengwa mara elfu. Ile iliyopaa ikitazama Kilimanjaro haijengwi na watu wengi, nami naona aibu mtu wa Kenya akijenga ya London kwa sababu tu ndiyo iliyokuja kwenye boksi.

Kuna jambo la ajabu kuhusu duara lile la Mbuyuni. Wajerumani wa Afrika Mashariki hawakuwa na kikosi cha ndege. Hakukuwa na msalaba angani wa kuchanganya na kitu chochote. Kwa hiyo alama ile haikumlinda rubani dhidi ya marubani wengine. Ilikuwa ni kwa ajili ya macho ya ardhini tu: Wahindi, Waafrika Kusini, askari wa KAR, na wapagazi ambao wengi wao ndege ya kwanza kuiona ndiyo hiyo. Mtu akikupigia kelele za injini ya farasi 90 kutoka angani, nawe una bunduki mkononi, unahitaji kujua upesi kama ni wa kwenu.

Kabla ya hapo wanamaji walikuwa wameshatumia ndege kwenye mlango wa Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Ilitafutwa kwa ndege za majini, na mwaka 1915 ndege za Farman na Caudron zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walizunguka juu ya manowari ile wakituma kwa redio masahihisho ya shabaha kwa meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey. Ndege yao ikapigwa. Walipokuwa wanaanguka Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Wakatua mtoni, wakaokolewa, na Königsberg haikuondoka Rufiji tena.

Hapa ndipo ile pete nyekundu inaporudi, pamoja na mtego ambao mtu wa programu ataufurahia. Picha za wakati huo nyingi zilipigwa kwa filamu isiyoona nyekundu. Buluu inatoka nyeupe-nyeupe, nyekundu inatoka karibu nyeusi. Duara la jeshi la Uingereza linaonekana na kitone cheusi katikati na kijivu hafifu nje. La Wafaransa linaonekana na katikati kweupe na pete nyeusi nje. Na pete nyekundu ya wanamaji? Katikati kweupe, pete nyeusi nje. Kwenye picha, alama mbili za mataifa mawili zinakuwa kitu kimoja! Farman na Caudron zilikuwa ndege za Kifaransa, zikirushwa na wanamaji wa Uingereza. Mtu anayekuonyesha picha ya aina hiyo na kusema "unaona, ni ya Kifaransa" hajathibitisha chochote. Ni sawa na kuhifadhi data mbili tofauti kwa kitambulisho kimoja kisha kushangaa kwa nini huwezi kuzitenganisha.

Njia ninayotumia ni hii. Naipiga modeli picha ya rangi, naifungua kwenye GIMP, naitupa chaneli ya nyekundu yote, naacha buluu na kijani kidogo, kisha naigeuza kuwa kijivu. Halafu naiweka kando ya picha ya zamani. Si kamilifu, filamu zilitofautiana, lakini inakuokoa na kosa la kudhani kwamba cheusi kilikuwa cheusi. Nawashauri hata wasiojenga modeli: kabla hujabishana kuhusu rangi ya kitu chochote kwenye picha ya 1915, tupa nyekundu kwanza.

Haya, kupaka. Boksi lina dekali, zile alama za kulowesha majini na kubandika. Mimi siipendi dekali kwenye ndege za kitambaa. Bawa la BE2c ni kitani kilichovutwa juu ya mbavu za mbao. Kwenye modeli mbavu hizo zimechorwa kama mistari ya kuinuka, na utando wa dekali unalala juu yake kama shuka juu ya ngazi. Rangi iliyopulizwa hukaa ndani ya kila mfereji, kwa sababu ndege halisi nayo ilipakwa rangi, haikubandikwa.

Hesabu ni nyepesi. Vipenyo vya duara la Uingereza la wakati huo vinafuata 1:3:5, yaani kitone, weupe, ukingo. Duara la futi 5 ni sentimita 152.4. Gawa kwa 72: buluu milimita 21.2, nyeupe 12.7, nyekundu 4.2. Skripti ya Python ya mistari kumi hivi inatoa faili la SVG, na mashine ya kukatia vinili ya watu wa mabango inakata tepu bila kulalamika. Wasio na mashine watumie bikari yenye wembe. Tepu iwe ile nyembamba ya karatasi, ndugu ya ile ambayo mafundi wa Kirinyaga Road hubandikia magazeti kwenye vioo vya gari kabla ya kupuliza.

Mpangilio ndio siri. Rangi ya kitani, ile ya maziwa ya chai iliyopauka, kwanza kwenye bawa lote, kwa sababu nyeupe juu ya maziwa inakubali lakini maziwa juu ya buluu hayafuniki. Kisha bandika karatasi yenye tundu la 21.2 na upulize nyeupe. Ikikauka, ziba pete nyeupe na pete ya nje, uache kitone tu. Kabla ya nyekundu, puliza nyeupe tena kidogo sana. Ikiwa rangi itapenya chini ya ukingo wa tepu, itakayopenya ni nyeupe juu ya nyeupe, na mlango umefungwa. Ndipo nyekundu. Ziba kitone, toa pete ya nje, rudia nyeupe nyepesi, kisha buluu. Tepu ivutwe rangi ikiwa haijakauka kabisa, ikikunjwa nyuma juu yake yenyewe, polepole. Yote haya kabla ya kuunganisha mabawa. Ukishafunga nguzo na waya kati ya mabawa mawili, mkono hauingii tena.

Duara lenyewe liliendelea kurekebishwa. Mwaka 1942 kule India na Burma Waingereza waliondoa nyekundu ya katikati, kwa sababu ndege za Wajapani zilikuwa na duara jekundu tupu na askari wa chini walikuwa wameanza tena kupiga kila chenye wekundu. Wamarekani nao waliondoa kitone chao chekundu mwaka huohuo. Miaka 28 baada ya ile bendera, hitilafu ileile.

Modeli yangu sasa ina duara mbili juu na mbili chini. Zimebaki za ubavuni, ambazo ni ndogo zaidi, pamoja na mistari ya mkia, buluu mbele. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Mwenye picha ya Mbuyuni au Maktau ya mwaka 1916 iliyohifadhiwa na familia, aniandikie tafadhali, hata kama imefifia.