Mfalme Charles wa Kwanza kwa Pande Tatu
Anthony van Dyck, 1635–1636. Rangi za mafuta juu ya turubai

Taswira hii ya Mfalme wa Uingereza ni kazi ya Anthony van Dyck, mzaliwa wa Antwerp, ambaye alipohamia London mwaka 1632 alitunukiwa cheo cha Sir, kisha akakirimiwa posho ya pauni 200 kwa mwaka. Ilipelekwa Roma ili mchongaji Bernini, ambaye hakupata kamwe kumwona mfalme, aichonge sura yake katika marumaru. Tazama kola za lesi: kila moja ina nakshi yake mbali, ilhali utepe wa buluu ni ule ule, na uso wa kati, wenye macho mazito, ndio bora kuliko nyuso zote. Sanamu hiyo ya Bernini iliteketea katika moto wa kasri la Whitehall mwaka 1698. Taswira ilisalimika, na Mfalme George wa Nne akainunua mwaka 1822.