Mali ya mali: safari ya vipeo hadi Msambweni

Aprili 2025, baada ya mvutano mkali kuhusu kama hisabati ibaki lazima katika sekondari ya juu, Waziri wa Elimu wa Kenya Julius Ogamba alitangaza kuwa kila mwanafunzi ataisoma. Mzee aliyenifundisha somo hilo Msambweni hakushangaa. Ugomvi wa kwanza ulimkuta darasani, chaki mkononi.

Fumbo lake lilikuwa moja kila mwaka: 8 uipe kipeo gani ipate kuwa 32? Tulikimbilia 4. Alifuta ubao, akaigeuza 8 kuwa 2 yenye kipeo cha 3, na 32 kuwa 2 yenye kipeo cha 5. Besi zikishakuwa moja, vipeo navyo sharti vilingane: jibu mara 3 ni 5, basi jibu ni 5/3.

Ujuzi huo ni wa kale. Karne ya 9 huko Baghdad, Al-Khwarizmi aliiita nambari iliyozidishwa kwa yenyewe mal, neno lililotupa sisi mali. Kipeo cha nne kikaitwa mali ya mali. Inauma kwamba mtoto wa Diani haambiwi hili. Karne ya 12 al-Samawal akaonyesha kwamba kuzidisha ni kujumlisha vipeo. Napier akatoa logi 1614, na Descartes akapandisha tarakimu ndogo juu ya herufi 1637.

Ila mzee, akisimulia historia hii, huganda Entebbe. Huko, 1962, walimu wa Kiafrika na wataalamu wa Marekani na Uingereza walianza kuandika vitabu vya hisabati mpya, yenye seti na besi. Andika 13 kwa besi ya mbili, husema, upate 1101: nane moja, nne moja, mbili hakuna, moja moja. Vipeo vyote vya 2 vimepanga foleni mbele ya macho yako! Wazazi walilalamika kwamba watoto hawajui hata kupiga hesabu ya dukani, na 1981 Rais Moi akaifuta hisabati hiyo. Mzee anakubali wazazi walikuwa na haki. Kosa, kwake, lilikuwa kuwapa walimu vitabu bila kuwaandaa, na mimi naona sawa na yeye.

Mfumo wa 8-4-4 ulikuja 1985, logi zikabaki za kidato cha pili, kikokotoo kikaingia.

Juzi mjukuu wake anayesoma Ukunda alilibonyeza fumbo lile, akapata 1.666666667. Mzee alimsogezea karatasi.

“Sasa liandike upya kwa besi ya mbili.”