Ufa katika Muhuri: Senti Kubwa za Marekani kama Ushahidi wa Kihistoria, 1793–1814

1.0 Utangulizi

Mwanahistoria hufundishwa kuuthamini waraka wenye tarehe. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo tarehe iliyoandikwa na hesabu iliyotunzwa na serikali hukinzana, na shahidi pekee wa kusuluhisha ni kitu chenyewe kinachozungumziwa. Makala hii inachunguza hali hiyo kwa kuzitazama senti kubwa za shaba zilizoanza kutolewa mjini Philadelphia mwezi Machi 1793, baada ya Sheria ya Sarafu ya Aprili 1792. Tunatetea hoja mbili. Kwanza, utambuzi wa mihuri iliyotumika kupiga sarafu hizo ni njia ya kihistoria, wala si burudani ya wakusanyaji pekee. Pili, maarifa hayo yana thamani pale tu ambapo kila kielelezo kina kumbukumbu inayoweza kukaguliwa na mwingine.

2.0 Mihuri na aina zake

Kila senti ilipigwa kati ya mihuri miwili ya feleji: mmoja wa upande wa kichwa cha Uhuru, mwingine wa upande wa shada la majani. Herufi na tarakimu ziligongwa mojamoja kwa mkono. Kwa hiyo hakuna mihuri miwili iliyolingana kabisa. Katika muhuri mmoja tarehe husogea karibu na kifua cha sanamu. Katika mwingine hukaribia ukingo. Idadi ya matunda madogo katika matawi ya shada hutofautiana, na vivyo hivyo mahali pa sehemu 1/100 iliyo chini yake. Kinachoitwa aina ni muungano wa muhuri mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma.

Makosa ya mafundi nayo ni ushahidi. Muhuri wa kwanza wa nyuma wa mwaka 1793, wenye mnyororo wa pete 15 kwa idadi ya majimbo ya wakati huo, una neno AMERI. lililokatizwa, mihuri iliyofuata ina neno zima. Muhuri mmoja wa mwaka 1801 una makosa matatu kwa pamoja: sehemu inasomeka 1/000, neno UNITED linasomeka IINITED, na shada limekosa kikonyo kimoja. Makosa kama hayo yanatuonyesha karakana ambamo feleji iliyokwisha kuchongwa haikutupwa kirahisi.

Mihuri pia ilizeeka. Feleji iliyopashwa moto na kuzimwa ghafla ili iwe ngumu ilipasuka kwa mapigo, na ufa huo ukaacha mstari ulioinuka juu ya sarafu. Ikiwa muhuri wa mbele unaonekana mzima unapoambatana na muhuri fulani wa nyuma, kisha una ufa unapoambatana na mwingine, tunajua ni muungano upi uliotangulia. Ufa hupanuka, haurudi nyuma. Hivyo sarafu zisizo na neno lolote kuhusu mwezi wa kutengenezwa kwake hupangika kwa mfuatano.

3.0 Hesabu ya mwaka 1799

Taarifa za kiwanda zinaonyesha kwamba senti 904,585 zilitolewa mwaka 1799. Msomaji wa nyaraka pekee angetarajia senti za mwaka huo ziwe nyingi. Kinyume chake, ni miongoni mwa senti adimu kuliko zote, na zinajulikana kwa aina mbili tu. Senti zenye tarehe ya 1798 zina aina zaidi ya 40. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kiwanda kiliendelea kutumia mihuri ya 1798 mpaka ilipochakaa. Mhasibu alihesabu sarafu zilizokabidhiwa ndani ya mwaka. Fundi alitumia muhuri uliokuwa bado unafaa. Wote wawili walisema kweli, lakini walijibu maswali tofauti. Mtafiti anayegawanya takwimu za serikali kwa tarehe za sarafu bila kuitazama mihuri atapotosha historia ya fedha ya nchi hiyo.

4.0 Waliojenga maarifa, na aliyeyasaliti

Elimu hii haikuanzia vyuoni. Edward Maris, tabibu wa Philadelphia, alichapisha mwaka 1869 uchambuzi wa senti za 1794, akizipa aina majina ya kukumbukika. Sylvester Crosby alichambua sarafu za 1793. Mwaka 1949 William H. Sheldon alitoa kitabu kilichoziunganisha senti za 1793 hadi 1814 katika mpango mmoja wa namba, kuanzia 1 hadi 295, pamoja na kipimo cha ubora chenye daraja 70. Mpango huo na kipimo hicho vinatumika hadi leo.

Baada ya Sheldon kufariki mwaka 1977 ilidhihirika kwamba alikuwa amebadilisha kwa siri zaidi ya senti mia moja za American Numismatic Society, akichukua zilizo bora na kuacha nyingine duni za aina ileile. Hapa ndipo udhaifu wa kutegemea aina pekee unapoonekana. Orodha iliyosema tu kwamba taasisi ina senti ya namba fulani iliendelea kuwa sahihi, ilhali sarafu yenyewe ilikuwa imeondoka. Kilichofichua udanganyifu ni picha za zamani zilizoonyesha mikwaruzo na madoa ya kila sarafu. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba, kwa wizi wa kipindi hicho, muda wa kudai mali ulianza kuhesabiwa pale mmiliki alipogundua ni nani anayeishikilia. Bila picha, haki hiyo isingekuwa na cha kuisimamia.

5.0 Hitimisho

Mafunzo haya yanagusa makumbusho za ukanda wetu moja kwa moja. Sarafu za shaba za Kilwa zina majina ya watawala lakini kwa kawaida hazina tarehe. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Pale ambapo maandishi ni machache, ulinganishaji wa mihuri unaweza kutoa mfuatano ambao nyaraka hazitupi. Sharti lake ni kwamba kila kipande kipigwe picha pande zote mbili, kipimwe uzito, na kumbukumbu yake ihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Tunapendekeza kazi hiyo itangulie maonyesho na mikopo ya vielelezo, kwa kuwa kilichoorodheshwa kwa aina tu kinaweza kuibwa bila orodha kubadilika.