Sikio na Kipimo

Katika studio ya muziki, meza ya kuchanganyia sauti ndiyo jiko la nyumba. Sauti za waimbaji na za ala zote hupita hapo, zikaongezwa au kupunguzwa, kabla ya kuhifadhiwa. Miongoni mwa mafundi waliozibuni meza hizo, ninayemheshimu zaidi ni Rupert Neve, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1926, akakulia Argentina, na kufariki mwaka 2021.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 meza nyingi zilitumia valvu, ambazo hula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Mwaka 1964 Neve aliitengenezea kampuni ya Philips, huko London, meza ya transista, na mwaka 1970 kikatoka kikuza sauti chake mashuhuri, namba 1073. Katika saketi zake, transista zilipitisha umeme wakati wote, hata pakiwa kimya, ili wimbi la sauti lisikatike. Tena sauti iliingia na kutoka kwa kupitia transfoma.

Transfoma hizo ndizo zilizozaa kisa ambacho Neve mwenyewe alipenda kukisimulia. Katika miaka ya 1970, Geoff Emerick, fundi aliyewarekodi Beatles, alilalamika kwamba njia tatu za meza mpya ya studio za AIR hazikusikika sawa na nyingine. Vipimo vya kawaida havikuonyesha kasoro. Neve hakumbeza, aliketi naye, wakasikiliza, wakapima upya. Ikabainika kwamba transfoma za njia hizo hazikuunganishwa ipasavyo, na kwenye mitetemo 54,000 kwa sekunde sauti ilipanda kwa desibeli 3. Sikio la binadamu, vitabu vyatuambia, hukomea kwenye 20,000 hivi. Wataalamu wangali wanabishana juu ya kile hasa alichokisikia Emerick. Lakini kasoro ilikuwapo.

Mimi niliyefunza walimu miaka mingi nakiona kisa hiki kuwa chetu pia. Mwanafunzi hulalamika kwamba haelewi. Nasi twafungua daftari, twaona amepata alama 70, twamwambia atulie. Alama ni kipimo chema, ila hupima kile tu tulichokusudia kukipima. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi aliyekilalia akikwambia anaumwa, washa taa utazame kabla hujambishia.