Lile Ua la Pinki Halikushusha Sukari

Juzi nilimpata shosho yangu jikoni akichemsha majani. Si majani chai. Ni ya lile ua dogo la pinki lenye petali tano, lile watu hupanda kando ya geti, na ukishuka Mombasa unalikuta limejiotea tu kwa mchanga. Kuna mtu alituma kwa grupu yao ya WhatsApp ati linamaliza sukari. Shosho ako na sukari miaka tisa sasa, na vidonge vyake vya metformini alikuwa amevifungia kwa droo wiki tatu nzima. Tukamdunga kidole, kile kimashine kikasoma 19.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilikaa usiku nikisoma historia ya hilo ua, na manze, sikutarajia nilichokipata.

Jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Watu walilibeba kwa sababu ya urembo likasambaa nchi nyingi za joto, na kwingi lilikofika likachemshwa kutibu sukari. Jamaika walikuwa wanalinywa. Mwaka 1952 daktari mmoja wa huko akatuma bahasha ya majani yake hadi Kanada, kwa mzee anaitwa Clark Noble.

Ngoja kwanza, huyu Clark ana stori yake. Mwaka 1921 pale Toronto, Frederick Banting alipokuwa anaanza utafiti uliozaa insulini, wanafunzi wawili walirusha sarafu kuamua nani atangulie kumsaidia. Charles Best akashinda, Clark akapoteza. Best tunamsoma vitabuni. Clark wewe ulishawahi kumsikia?

Sasa bahasha ikamfikia Clark akiwa ameshastaafu, akampa ndugu yake Robert, aliyekuwa mtafiti kule London, ile London ya Kanada. Robert na wenzake wakawapa panya maji ya majani hayo kwa mdomo. Sukari kwa damu haikushuka kitu cha maana. Wangeweza kuandika "imefeli" na kwenda nyumbani. Lakini wakajaribu kudunga kwa sindano, na panya wakaanza kufa. Hawakufa kwa sababu sukari imeshuka. Walikufa na maambukizi ya bakteria, kwa sababu seli nyeupe za damu, zile askari za mwili, zilikuwa zimeporomoka.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kitu kinachoangusha seli nyeupe ni sumu kwa mtu mzima wa afya, lakini kuna ugonjwa ambao shida yake ni seli nyeupe zilizochizi na kuzaana ovyo: saratani ya damu. Robert na mwanakemia Charles Beer wakaitafuta hiyo kemikali ndani ya majani hadi wakaitenga. Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Kampuni ya Marekani, Eli Lilly, nayo ilikuwa inalichunguza ua hilohilo kwa sababu ya hizohizo stori za sukari, ikatoa nduguye, vinkristini, iliyoidhinishwa 1963. Hadi leo watoto wenye saratani ya damu wanatibiwa nayo pamoja na dawa nyingine. Madagaska ilipata nini? Wakati huo hakukuwa na sheria yoyote ya kimataifa ya kugawana faida ya mimea. Mkataba ulikuja 1992. Hiyo hasira nitaiandikia siku nyingine.

Asubuhi nikamweleza Shosho yote. Akanisikiliza akipepeta mchele, halafu akasema, "Sasa mjukuu wangu, mimi ni panya?"

Swali fair. Nikamwambia, sawa, wacha tuongee vile vidonge ulivyofungia kwa droo ukisema ni "kemikali za wazungu". Hivyo pia vilianzia kwa majani. Ulaya kuna mmea unaitwa Galega officinalis, uliotumika kama dawa tangu zamani. Ndani yake kuna galejini, ambayo inashusha sukari kweli. Ilijaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1920 ikaonekana ina sumu, na kondoo wakila huo mmea wanaweza kufa. Metformini ni binamu yake asiye na ukali huo. Ilitengenezwa Dublin 1922, ikakaa tu, hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipoijaribu kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo 1957.

"Kwa hivyo hii ni mitishamba?" akauliza, ameshika kidonge.

"Ni mitishamba iliyofanya mtihani, Shosho."

Akakimeza na uji. Sufuria ya majani hakuimwaga, aliifunika tu akaisukuma nyuma ya jiko. Jioni kimashine kilisoma 16, na Jumatatu nampeleka kliniki.